Nyumba ya Mama Mwambani

Pa. Kimya kidogo. Pa. Kisha pa, pa, pa, mfululizo, kama mtu anayefua blanketi zito huku ana hasira nalo. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha asubuhi zote za utoto wangu Tassia, kabla sijaona chochote, kabla hata mwanga haujapenya kwenye kijia chembamba kilichoitenga ploti yetu na ploti ya jirani. Nilipokuwa mdogo sana nilidhani ni ukuta unaopumua. Siku moja nikashuka ngazi pekupeku na kumwona mama kwenye sakafu ya saruji tuliyofulia wapangaji wote, kanga ameikaza kiunoni, amemshika pweza kichwani, anamchapa chini. Mikono minane iliruka hewani pamoja, ikatua pamoja.

"Asipochapwa anakuwa kama tairi," aliniambia bila kugeuka. "Nenda kalale."

Ghorofa ya pili aliishi mke wa karani wa kaunti, mama mmoja kutoka Kakamega, ambaye kila asubuhi aliinama kwenye vyuma vya veranda kuangalia.

"Mama Pweza, leo unamchapa nani? Kama ni mume, nishuke nikusaidie."

"Wako ameamka?" mama akamjibu. "Mlete, foleni ni fupi."

Jioni mama aliteremsha jiko la makaa na sufuria kubwa hadi kando ya stendi, akauza supu ya pweza kwa wanaume waliotoka kazini. Walikunywa wamesimama, kikombe mkononi, ndimu na pilipili zikiwatoa kamasi. Kila mtu Eastlands anajua kwa nini wanaume wanakunywa supu hiyo, na hakuna anayesema waziwazi mbele ya mtoto, kwa hiyo walisema kwa kuzunguka.

"Mathe, niwekee ile ya mtu ana bibi mpya."

"Bibi gani? Jana umesema umeachwa."

"Ndiyo maana. Niko kwa soko tena."

Mama hakucheka. Alikuwa mtu wa pwani, binti wa kijiji kimoja kusini mwa Mombasa, na aliwachukulia watu wa Nairobi kama watoto waliolelewa bila chumvi. Lakini aliwajazia vikombe vizuri. Kwenye stendi ile hakuna mtu aliyewahi kusema supu yake ni maji.

Baba alikuwa mtu wa skrepu. Alizaliwa kwenye nyumba za reli pale Muthurwa, mtoto wa fundi wa reli aliyetoka magharibi mwa Kenya, akasilimu ili amwoe mama. Nyuma ya ploti yetu alikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda zilikaa betri mbovu za magari alizozikusanya kwenye magereji ya Tena na Umoja. Alizipindua moja moja juu ya mtaro, asidi ikamwagika ikitoa mvuke, na saruji ya mtaro ikalika shimo baada ya shimo. Nyasi za pale zilikufa zamani. Kuku wa mke wa karani, waliokula hata sabuni, walipofika karibu na mtaro huo waliuzunguka mbali kana kwamba kuna paka amelala pale. Tuliliona jambo hilo kila siku. Tulilicheka.

Kabla ya kupakia lori, kila betri ilipakwa mstari wa rangi nyekundu ubavuni, ili kiwandani zisichanganyike na za watu wengine. Wakati wa likizo mstari huo niliupaka mimi. Nilikuwa na brashi yangu. Nilijitahidi mistari iwe imenyooka.

Pweza na betri ndivyo vilivyonisomesha. Zamani niliwahi kulisema hilo kwa majivuno.

Kiwanda kilikuwa pwani, na aliyetuelekeza huko ni mama mkubwa, dada yake mama. Alipiga simu siku moja akiwa na furaha, sauti yake ikijaa chumba chote. Karibu na kijiji chao, kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko, kilikuwa kimejengwa kiwanda kinachoyeyusha betri na kutoa risasi, yale madini mazito ya kijivu yaliyo ndani yake. Vijana wamepata kazi, alisema. Mwambieni shemeji alete betri zake huku, watamthamini zaidi kuliko hao wa Nairobi. Baba akakodi lori. Na kwa sababu lori lilipita karibu na mlango wa dada yake, mama hakuliacha liende hivihivi. Alipandisha magunia ya viazi, kabichi, na karoti za kutoka Muthurwa. Viazi vya mama vilisafiri vimekalia betri za baba mpaka baharini.

Sasa lazima nieleze nyumba.

Kijijini kwao mama, wanawake ndio wanaokwenda pweza. Hawaendi kwa chombo. Wanakwenda kwa miguu, wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa na mwamba unabaki wazi, mweusi, umejaa madimbwi. Kila mwanamke ana mashimo yake. Hayakuandikwa popote, hayana alama, lakini kila mmoja anajua lipi ni la nani, na mwanamke anaweza kuvuka shimo la jirani yake lenye pweza anayeonekana kwa macho, akalipita. Mashimo hurithiwa. Mama humwonyesha binti kwa kumpeleka na kunyamaza. Pia pweza anayelalia mayai haguswi. Na majina ya mashimo hayatajwi nchi kavu mbele ya mtu asiye wa nyumba hiyo, hata awe mume.

Mama alikuwa na mashimo saba, na bibi yangu aliyepata kuwa nayo kabla yake aliyaita kwa vyumba vya nyumba. Barazani. Ukumbini. Jikoni. Uani. Chumba cha Bibi. Chumba cha Wageni, ambamo pweza hakai siku mbili. Na Darini, lililo karibu kabisa na mawimbi makubwa, ambako mtoto hapelekwi. Nayaandika hapa kwa sababu hakuna tena cha kuficha.

Nilipelekwa nikiwa na miaka kumi na miwili. Sisi Tassia tuliishi chumba kimoja, pazia katikati, kitanda changu kikiwa ni kochi. Na hapa mama anatembea juu ya mwamba, maji yakimfika vifundoni, ananionyesha nyumba ya vyumba saba. Alichuchumaa mbele ya Jikoni.

"Tazama mlangoni," alinong'ona.

Nje ya shimo palikuwa na maganda ya kaa, mengine bado yana rangi ya waridi.

"Pweza ni msafi," mama alisema. "Akimaliza kula, takataka anatupa nje. Ukiona takataka mbichi, mwenye nyumba yuko."

Akaingiza mchokoo, ile fimbo nyembamba wanayochokolea, akausukuma taratibu kama anayebisha hodi. Mkono mmoja ukatoka, ukaigusa fimbo, ukaipapasa, ukaikamata. Sijawahi kusahau namna ulivyopapasa kwanza.

Mama alipoolewa Nairobi, mashimo yake alimwachia dada yake ayatunze. Mama mkubwa alikuwa na yake manane, na saba ya mdogo wake. Pweza aliowapata kwenye saba hayo aliwagandisha, akawafunga kwenye ndoo yenye barafu, akawaweka kwenye basi. Mama aliwafuata kituoni Muthurwa asubuhi. Hivyo ndivyo nyumba ilivyomlisha akiwa mbali nayo, na hivyo ndivyo itakavyonilisha mimi, aliniambia, hata nikiamua kuwa mtu wa vitabu.

Miaka michache iliyopita ndoo zikaanza kuja nyepesi. Mwanzoni mama alilaumu upepo, kisha mwezi, kisha watu wa basi. Ndoo moja ikaja na pweza mmoja mdogo kama kiganja, amekunjwa peke yake kwenye barafu. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Siku hiyo hakumchapa.

Jioni wateja wakaanza.

"Mathe, kwani pweza wameenda livu?"

"Wameenda kumtafuta bibi yako," mama alisema, lakini mkono uliokuwa umeshika upawa ulikuwa umekaza.

Baba akiwa magerejini, mama alimpigia dada yake simu. Nilikuwa kwenye kochi, nimekwisha kuwa mtu mzima, nimekuja kuwatembelea. Mama alifungulia sauti kwa sababu sikio lake moja lilikuwa linamsumbua, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

"Dada, nakuuliza kwa heshima. Jikoni unampeleka nani?"

"Jikoni kwako hamna mtu."

"Hamna mtu, au hamna pweza?"

"Vyote viwili."

"Tangu bibi yupo, Jikoni hapajakosa."

"Sasa pamekosa."

Mama akanyamaza. Nje, mtu alikuwa akimwita muuza maji.

"Nimesikia kuna mwanamke Eastleigh anauza pweza wakubwa," mama akasema. "Wanatoka huko huko kwenu."

"Mdogo wangu, unaniita mwizi?"

"Sijasema."

"Umesema kwa kunyamaza."

Simu ikakatika. Nilimwambia mama apige tena. Akasema atapiga kesho. Ikapita wiki, ukapita mwezi, ikapita Ramadhani nzima na sikukuu yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hatukusikia sauti ya mama mkubwa siku ya Idi. Mama akaanza kununua pweza waliogandishwa wa dukani, wasiojulikana walikotoka. Kichwani mwake, dada yake alikuwa ameiuza nyumba. Hasira yake ilikuwa imepata mtu, na hasira iliyopata mtu haitafuti tena.

Mwaka jana nikaalikwa Mombasa kwenye tamasha la vitabu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikasikiliza mashairi matatu kuhusu bahari. Katika yote matatu bahari ilikuwa ya samawati, na katika mawili ilikuwa mwanamke. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kesho yake sikurudi Nairobi. Nilikwenda kwa mama mkubwa.

Alinifungulia, akanitazama kuanzia miguuni.

"Umetumwa?"

"Sikutumwa, mama mkubwa. Nimekuja mwenyewe."

"Basi hujala," alisema, akaingia jikoni.

Ilikuwa bamvua. Siku iliyofuata, saa nne za asubuhi, maji yalikuwa yamekupwa hadi mwisho wa macho, na alinichukua mwambani bila kuniambia kwa nini. Tulipita Barazani. Tukapita Ukumbini. Mama mkubwa hakuinama. Tulipofika Jikoni, akanipa mchokoo.

Nilichuchumaa. Mlangoni hapakuwa na ganda hata moja. Ndani ya shimo, sakafu ilikuwa imefunikwa na utando wa matope ya kijivu, laini, kama vumbi la unga lililotulia juu ya meza ya nyumba iliyofungwa. Niliingiza mchokoo. Niliuzungusha. Haukuguswa na kitu.

"Haya, nenda Uani," alisema mama mkubwa. "Nenda Chumba cha Bibi. Nenda kote, usije ukasema nilikuficha."

Nilikwenda kote. Nilikwenda mpaka Darini. Nilikuwa nimejiandaa kuona wanyama waliokufa, matumbo juu, harufu. Sikuona maiti hata moja. Hapakuwa na kaa. Hapakuwa na wale samaki wadogo wanaokimbia kivuli chako. Palikuwa safi, na usafi ule uliniogopesha kuliko mzoga wowote.

Karibu na ufuko tulimkuta msichana wa rika langu, amepiga magoti, anachota matope kwa kijiko na kuyatia kwenye vichupa. Alikuwa anafanya kazi na watafiti wa bahari. Mama mkubwa alimfahamu, alimpa madafu mara nyingi.

"Mweleze huyu," alimwambia. "Mimi nikieleza naambiwa nimeuza."

Msichana alieleza huku anaandika kwenye vibandiko vya vichupa. Maji ya kuoshea betri yanatoka kiwandani, yanaingia horini, na maji yanapokupwa yanavutwa mpaka mwambani. Risasi ni nzito, haiendi mbali. Inalala kwenye matope. Kaa wanaihisi mapema, wanaondoka. Kisha pweza.

"Pweza anaonja kwa mikono," alisema. "Kila kinyonyeo kwenye mkono wake ni kama ulimi. Sasa fikiria unaishi kwenye nyumba ambayo ukigusa sakafu unaonja uchungu, ukigusa ukuta unaonja uchungu, na chakula kimehama. Hangoji kufa. Anatoka."

"Anakwenda wapi?"

"Anayeweza, huko nje kwenye kina. Huko hawa akina mama hawawezi kutembea."

"Na asiyeweza?"

Aliinua mabega.

Nikamuuliza swali lililokuwa linanisumbua kuliko yote, kama walikuwa na risasi mwilini wale pweza waliokaa kwanza, kabla hawajahama, wale tuliopelekewa kwenye ndoo. Akasema hao hawakupimwa, na yeye hawezi kusema kitu ambacho hakukipima. Nilimheshimu kwa jibu hilo, na nilitamani nimpige. Maana waliotangulia kuonja tuliwanywa. Tuliwatilia ndimu.

"Watarudi lini?" aliuliza mama mkubwa. Nilihisi kwamba si mara ya kwanza kumuuliza.

"Matope hayasahau haraka, mama."

Tukiwa njiani kurudi, mama mkubwa ndiye aliyesema zaidi. Mashimo yake manane yalipoanza kukauka, hakuwaza maji. Nani huwaza maji? Aliwaza jirani yake, mwanamke mwenye mashimo yanayopakana na yake, waliyeozeshwa pamoja wiki moja. Kwa sababu mashimo ni ya watu, shimo likikosa pweza maana yake mtu amemchukua. Ndivyo walivyofundishwa. Siku moja alimngoja jirani yake njiani, akamnyang'anya kikapu mbele ya watu wote, akakimwaga mchangani.

"Kilikuwa na nini?"

"Chaza wawili," alisema. "Na mwani. Alikuwa amebeba mwani ili kikapu kisionekane kitupu."

Akatembea hatua kadhaa.

"Kwake nako kulikuwa kumekauka. Naye alikuwa ananishuku mimi. Pwani nzima wanawake tulikuwa tunavizana, mwanangu, na pweza wenyewe walikwisha kuondoka. Pweza hana hati ya nyumba. Sisi ndio tumebaki tunalinda milango."

Barabara ya kurudia inapita mbele ya lango la kiwanda. Lilikuwa wazi, lori linashusha. Betri zilikuwa zinapokezwa mkono kwa mkono, zikipangwa ukutani, na ubavuni mwa kila moja kulikuwa na mstari mwekundu ulionyooka.

Nilisimama. Mama mkubwa akasimama pia. Aliangalia betri, akaniangalia mimi, na nadhani alikuwa anajua siku nyingi. Dereva wa lori alimletea viazi kwa miaka. Hakuwahi kumwambia mdogo wake, hata siku ile ya simu, hata alipoitwa mwizi.

"Mbona hukusema?" nilimuuliza.

"Mimi ndiye niliyemwita baba yako," alisema. "Nitasema nini?"

Nataka niwe mwaminifu kuhusu hasira yangu. Sehemu ya kwanza yake ilikwenda kwa wenye kiwanda, ambao sijui nyuso zao, ambao nina hakika nyumba zao ziko mahali ambapo maji ya bomba yanakuja safi. Wamechukua kitu ambacho hakijawahi kuwa na bei, na hakuna ofisi ambako wanawake wale wangeweza kupeleka malalamiko wakasema, nyumba yangu ina vyumba saba, iko chini ya maji, mmeitia uchungu. Wangechekwa. Sehemu ya pili ilikwenda kwa sisi tunaoandika bahari ya samawati na kupigiwa makofi. Lakini sehemu kubwa ilibaki mkononi mwangu, palepale brashi ilipokuwa. Nilikuwa nimewaona kuku wakiuzunguka mtaro. Nilikuwa nimecheka.

Nilifika Tassia Ijumaa mchana. Baba alikuwa ametoka msikitini, kanzu bado mwilini, anakula ugali na sukuma. Mama alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama na mkoba begani, na nilipofika kwenye mashimo niliyataja kwa majina, mbele ya baba.

"Nyamaza," mama alisema. "Usitaje."

"Hakuna tena cha kutaja, mama. Jikoni kuna matope. Uani kuna matope. Mama mkubwa hajampa mtu yeyote. Pweza wamehama wenyewe. Na mstari mwekundu nimeuona langoni."

Mama aliacha kukunja. Baba akanawa mikono kwenye bakuli, kidole kimoja kimoja, kama anavyonawa siku zote ili kutoa weusi usiotoka.

"Gari zinaendeshwa?" aliniuliza.

"Zinaendeshwa."

"Betri zinakufa?"

"Zinakufa."

"Basi nisipozichukua mimi zitakwenda wapi? Unataka nizizike hapa Tassia? Mimi sikujenga kiwanda. Mimi sikuwaambia wamwage maji." Hakupandisha sauti. "Na hivyo vitabu unavyoandika, vimetoka wapi?"

Yalikuwa kweli, na nilimchukia kwa dakika hiyo kwa kuwa yalikuwa kweli. Mama alichukua simu, akampigia dada yake. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Nikamwona anahesabu miezi usoni.

"Kesho lori linakuja?" alimuuliza baba.

"Linakuja."

"Lisiende."

"Mama watoto, nimekwisha kupanga na watu. Hili la kesho liende. Mengine tutaona."

Mama akasimama. Alifungua kabati, akatoa mkoba wa safari, akaanza kupitia kanga zake. Huko kwao mtu akimwomba dada yake radhi humpelekea doti mpya, na mama alikuwa na doti tano ambazo hazijafunguliwa. Alizisoma moja moja, akitafuta ile ambayo maandishi yake hayawezi kuchukuliwa kama kijembe. Alizikataa nne. Kwa mara ya kwanza siku ile nilitaka kucheka, na nikaona baba naye anamwangalia hivyohivyo, kwa mapenzi ya miaka yote. Kisha akaelewa anakokwenda.

"Unakwenda kwa dada yako."

"Nakwenda kwa dada yangu. Na kwa yule jirani yake. Na kwa wengine."

"Vizuri," alisema baba. "Nenda. Waambie kuhusu kiwanda. Waambie kuhusu hayo matope, waambie alivyosema huyo msichana. Hata mbele ya chifu useme." Alisita. "Lakini usiseme betri ni zangu."

Mama alifunga zipu ya mkoba.

"Nina heshima kule," baba akasema, na sauti yake ikawa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Nilipewa mke kule. Mtu wa bara, mtoto wa reli, sina lolote, na wazee wakanipa mke. Wataniona nini?"

Nilimwonea huruma. Sikutaka, lakini nilimwonea. Mama alivaa buibui juu ya dera, akatengeneza mtandio mbele ya kile kioo chetu kilichopasuka pembe. Alitumia muda. Nilijua anafikiri, kwa sababu alirudia pini moja mara tatu. Mle chumbani palikuwa na njia mbili tu. Angeweza kwenda kuwa dada aliyedhulumiwa pamoja na wengine, akalia nao, akarudi kwa mume wake. Au angeweza kwenda na ukweli wote, asijue kama kuna atakayemfungulia.

"Dada yangu alijua," alimwambia baba kupitia kioo. "Unasikia? Alijua, nikamwita mwizi, akanyamaza ili sisi tusiaibike."

"Nimesikia."

"Sasa unataka aendelee kutubebea?"

Nilijitolea kwenda na mama, nikashika mkoba. Aliutoa mkononi mwangu, bila ukali.

"Wewe baki," alisema. "Kesho lori likija, kuwa pale. Mwangalie baba yako usoni anavyopakia. Kama anaweza, apakie."

"Utawaambia nini?" baba aliuliza. Alikuwa amesimama sasa, mikono yake imening'inia, myeusi kwenye kucha, haijui pa kwenda.

Mama aliweka ile doti ya kanga chini ya kwapa. Alitazama chumba, pazia, kochi, sufuria kubwa iliyogeuzwa juu ya jiko.

"Nitawaambia ni zetu," alisema.

Akatoka. Mlango wa chuma ukafungwa nyuma yake.